Mtoto wa Paka Aondoke Lini kwa Mamaye?

Paka akizaa nyumbani, habari zake hazikawii kuenea. Siku ya pili watoto wa jirani huja kuchungulia, na siku ya tatu hufika wazazi wao, kila mmoja akiweka neno lake mapema: "Mimi nitamtaka yule mweusi," "Mimi yule mwenye mabaka." Panya ni wengi, mahindi huliwa ghalani, magunia hutobolewa, hata vitabu vya shule hutafunwa, kwa hiyo paka ni mali. Na kwa kuwa kila mtu ana haja naye, kila mtu humtaka upesi. Mmoja husema, "Macho yamekwisha fumbuka, sasa aweza kwenda." Wa pili husema, "Nimemwona akilamba uji, ziwa la mama halimfai tena." Basi mtoto wa paka hutiwa kapuni, akapelekwa nyumba ya ugenini, na pengine baada ya siku nne tano amekufa. Au akiishi, huwa mkali wa kukwaruza watoto, tena panya wakipita mbele yake huwatazama tu. Mwenye kumchukua hunung'unika ya kuwa alipewa paka mbaya, wala hakumbuki kuuliza paka yule alikuwa na umri wa siku ngapi alipotoka kwa mamaye.

Katika somo hili tutamfuata mtoto wa paka juma kwa juma tangu kuzaliwa, tuone anapata nini kwa mama yake, na lini amekwisha kupata. Ndipo tutakapoweza kumjibu yule ajaye na kapu lake.

Paka huchukua mimba kwa muda wa siku 63 hivi, yaani majuma 9. Mara nyingi huzaa watoto watatu, wanne au watano. Kila mmoja ana uzito wa gramu 100, ikizidi au ikipungua kidogo. Ukitaka kuujua uzito huo, shika mkononi kipande kipya cha sabuni ya kuogea. Macho yake yamefumbwa, masikio yake yamezibwa, na miguu yake haiwezi kuliinua tumbo lake. Ana viongozi wawili tu katika ulimwengu: harufu na joto. Kwa hao wawili hutambaa gizani hata kufika kwenye chuchu za mamaye. Paka kwa kawaida ana chuchu 8, na baada ya siku chache kila mtoto huwa na chuchu anayoijua kuwa ni yake, akairudia kila mara. Hivyo hawapotezi nguvu zao kwa kugombana.

Maziwa ya kwanza ni dang'a. Ninyi ambao kwenu kuna ng'ombe au mbuzi mnayajua: ni mazito, tena rangi yake si nyeupe safi. Katika dang'a mna kinga za maradhi ambazo mama amezipata katika maisha yake, naye huwapa watoto wake kwa njia hiyo. Lakini tumbo la mtoto huzipokea kinga hizo kwa muda wa siku moja hivi tu, kisha mlango ule hufungwa. Mtoto aliyekosa dang'a siku ya kwanza hawezi kuipata faida hiyo siku ya tatu, hata akinyonya sana.

Tena mtoto mchanga hana uwezo wa kujitunzia joto. Ndiyo sababu mnawaona wamelundikana, huyu juu ya huyu, kama viazi katika kikapu. Mama akiondoka kidogo kwenda kula, hulindana kwa joto lao wenyewe. Mtoto mmoja akitengwa na wenziwe juu ya sakafu ya saruji, hupoa, akanyamaza, akafa, nao wenye nyumba hudhani amelala.

Na liko jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Katika majuma matatu ya kwanza mtoto wa paka hawezi kukojoa wala kwenda choo kwa nguvu zake mwenyewe. Mama humlamba tumbo na chini ya mkia, na kwa kulambwa huko mkojo hutoka. Mama huusafisha papo hapo, na kitanda hubaki kikavu bila harufu ya kuwaita adui. Basi mtu amchukuaye mtoto wa majuma mawili, akampa maziwa mazuri kwa kijiko, akashangaa kuona tumbo limevimba na mtoto analia usiku kucha, na ajue ya kuwa kilichokosekana hapo ni ulimi wa mama.

Macho hufumbuka kati ya siku ya 7 na siku ya 14. Msijaribu kuyafumbua kwa vidole. Mkifanya hivyo mtayaharibu. Hata yakifumbuka, kuona kwake bado ni hafifu, na rangi ya macho ya wote ni buluu, kama kwamba wamezaliwa na mama mmoja watoto wote wa paka duniani. Rangi yao ya kweli, ya manjano au ya kijani, huanza kutokea katika juma la 6 au la 7. Huyo ndiye mtoto ambaye watu husema, "Macho yamekwisha fumbuka, aweza kwenda." Kwa kweli ndiyo kwanza ameanza kuja.

Juma la 3 huleta mabadiliko makubwa. Mtoto husimama, miguu ikitetemeka, mkia umenyooka juu ili asianguke. Meno madogo ya mbele huchomoza. Masikio yamefunguka, na ukiita hugeuza kichwa. Katika juma la 4 hutembea vema, hutoka katika sanduku, na huanza kukojoa mwenyewe. Mkimwekea mchanga au majivu katika karai, atamwona mamaye akifukua na kufukia, naye atafanya vivyo hivyo. Wala hahitaji kupigwa wala kusuguliwa pua yake katika uchafu, desturi ambayo nimeiona kwa watu wengi nisione faida yake hata mara moja. Makucha nayo, ambayo hapo kwanza yalikuwa nje daima, sasa hujifunza kuyaficha. Na ule ustadi wa paka wa kujigeuza hewani akaanguka kwa miguu, ambao ninyi huustaajabia, huanza kuonekana wakati huohuo, ukakamilika karibu na juma la 7. Kwa hiyo msimwangushe mtoto mdogo kwa kumjaribu. Bado hajui.

Katika juma hili la 4 huanza kuonja chakula. Anausogelea mdomo wa mamaye akilacho, ananusa, analamba, anapiga chafya. Wekeni dagaa waliochemshwa na kupondwa laini, au nyama iliyosagwa na supu yake, katika kigae kipana. Atatia miguu ndani, atachafuka mpaka masikioni, na siku ya kwanza atakula kidogo sana. Msikasirike. Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Wanaona anakula, wanasema ziwa limekwisha. Lakini kula huku ni kama kusoma kwa mtoto wa darasa la kwanza: anazijua herufi, lakini hawezi bado kusoma barua. Tangu juma la 4 mpaka la 7 au la 8 hula kidogo, hunyonya kidogo, na sehemu ya chakula huongezeka polepole wakati sehemu ya maziwa inapungua. Mama mwenyewe ndiye apimaye. Mwanzoni yeye huwalalia watoto awape ziwa. Baadaye huwangoja wamfuate. Mwisho, wakimfuata, huondoka akapanda mahali wasipofika, au huwapiga kofi dogo lisilo na makucha. Ukiona hivyo usidhani amewachukia. Ziwa linafungwa, lakini malezi hayajafungwa, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo kiini cha somo letu.

Tazameni watoto wa paka wa majuma 6 wakicheza. Mmoja hujificha nyuma ya mguu wa kiti, mwingine hupita, huyu humrukia, wote wawili hubingirika wakiumana shingoni. Kisha mmoja hulia "nyau!" kwa sauti kali, na mchezo husimama. Yule aliyeuma amejifunza neno moja: nikiuma sana, mwenzangu huondoka, nami nabaki peke yangu. Akimwuma mama, mama humkandamiza kwa mguu wake au humwacha. Kwa siku nyingi za namna hiyo hujua kiasi cha meno yake na kiasi cha makucha yake. Mtoto aliyeondolewa katika juma la 5 hajayajua hayo. Akicheza na mkono wa mtoto mchanga wa nyumba, huuma kwa nguvu zake zote, maana hakuna aliyemfundisha kwamba kuna kuuma kwa mchezo na kuuma kwa kweli. Wahenga walisema, "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," na ulimwengu wa paka mkali mara nyingi ni fimbo.

Sasa twende kwenye panya, maana ndio waliotufanya tumtake paka. Watu wengi hudhani kukamata panya kumo katika damu tu: mtoto wa nyoka ni nyoka, na mtoto wa paka atashika panya tu, apende asipende. Mtaalamu mmoja Mchina, jina lake Zing-Yang Kuo, aliijaribu fikira hiyo, akachapisha matokeo yake mwaka 1930. Aliwalea watoto wa paka kwa namna tatu. Kundi la kwanza, watoto 21, walikaa na mama wauao panya, wakawaona wakiwaua. Kundi la pili, watoto 20, kila mmoja alilelewa peke yake. Kundi la tatu, watoto 18, walilelewa pamoja na panya tangu utoto, wakala na kulala nao. Walipokua kidogo, akatazama ni wangapi wanaoua panya wenyewe. Katika kundi la kwanza walikuwa 18 kati ya 21. Katika la pili, 9 kati ya 20. Katika la tatu, 3 tu kati ya 18. Hebu zifikirini hesabu hizo. Kwamba 9 waliua bila kufundishwa na mtu, hilo laonyesha kwamba damu ina sehemu yake. Lakini 18 na 9 ni mbali. Aliyemwona mamaye akiwinda amepata karibu mara mbili.

Na mama hufundisha kwa utaratibu mzuri. Watoto wakifika majuma 4 au 5, huwaletea panya aliyekufa, akamla mbele yao, au akawaachia wamnuse. Baadaye huwaletea aliye hai lakini amechoka, akamwachia katikati yao. Panya akikimbia, mama humrudisha. Watoto huogopa, hurudi nyuma, husogea tena. Hata siku moja mmoja hushika mahali panapofaa, nyuma ya shingo, akanguruma, hataki nduguze wamkaribie. Mambo haya hutendeka kati ya juma la 5 na mwezi wa tatu. Mtu amwondoaye mtoto wa majuma 5 ili apate mshika panya upesi, amemtoa mwanafunzi darasani asubuhi ya somo lenyewe.

Lakini msiseme, "Basi na akae na mama mpaka awe mkubwa, tusimguse." Hilo nalo lina hatari yake. Paka mwingine huzaa darini au nyuma ya magunia, watoto wakakua bila kumwona mtu isipokuwa miguu yake. Ukija kumshika mmoja akiwa na miezi mitatu, hutema mate, hukwaruza mpaka damu itoke, na ukimfungia hujipiga ukutani. Huyo amekuwa kama paka wa mwitu, ingawa mamaye ni mpole. Mambo haya yalichunguzwa vizuri katika miaka ya 1980 na Bibi Eileen Karsh wa Chuo Kikuu cha Temple, mjini Philadelphia, katika Marekani. Aliona ya kuwa majuma ya kumzoea mwanadamu ni tangu la 2 mpaka la 7. Mtoto wa paka ashikwaye na watu katika siku hizo huwapenda maisha yake yote. Asiposhikwa, kazi ya kumfuga baadaye ni ndefu sana. Aliona tena kwamba watoto walioshikwa dakika 40 kila siku walikuja kuwakaribia watu upesi na kukaa nao zaidi kuliko wale walioshikwa dakika 15.

Basi mwaona mambo mawili yaliyo kama kamba ivutwayo huku na huku. Kumzoea mtu hutaka majuma ya mapema. Kujifunza kwa mama hutaka kukaa sana. Ni rahisi kuyapatanisha: mtoto akae kwa mamaye, nasi tumfuate huko.

Namkumbuka mvulana mmoja wa darasa la tano aliyetumwa na babaye kwa bibi mmoja jirani ambaye paka wake alizaa.

"Hodi, bibi."

"Karibu, mjukuu wangu."

"Shikamoo."

"Marahaba. Huko nyumbani salama?"

"Salama, bibi. Baba amenituma. Asema yule mwenye mistari, kama aweza kuondoka, nimchukue leo."

Bibi yule hakujua kusoma wala kuandika, lakini hesabu zake zilikuwa safi. Tangu siku paka alipozaa, kila siku ya gulio alipiga mstari mmoja wa mkaa ukutani jikoni. Akamwambia mvulana, "Hesabu." Mvulana akahesabu mistari mitano. "Rudi ikitimia kumi," akasema bibi. "Mwambie baba yako panya hawatamaliza ghala lake katika magulio matano. Na wewe, ukitaka akujue, njoo umshike hapahapa."

Mvulana aliondoka na kapu tupu, uso umemshuka. Lakini alikuja. Kila jioni baada ya shule alikaa katika kizingiti cha jiko lile, akimpakata yule mwenye mistari na kumchezesha kwa uzi wenye jani la mgomba. Ilipotimia mistari kumi, paka alimfuata mpaka njiani kwa miguu yake mwenyewe. Ndugu ya paka huyo alikuwa amekwisha kuchukuliwa zamani, katika juma la tano, na shemeji wa bibi, mtu mkubwa ambaye hakuweza kumkatalia. Naye aliishi, lakini hakupatana na watu wa nyumba ile, na kabla ya mavuno alikuwa amekwenda zake mashambani.

Watu wa nchi nyingine wameliweka jambo hili katika sheria. Katika Uingereza, kanuni zilizotungwa mwaka 2018 humkataza muuzaji wa wanyama mwenye leseni kuuza mtoto wa paka asiyetimiza majuma 8. Hicho ndicho kipimo cha chini. Wengine hutaka zaidi. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, katika Ufini, walitoa habari za paka karibu 6,000 ambao wenyewe waliulizwa mwenendo wao. Paka waliotengwa na mama kabla ya juma la 8 walionekana kuwa wakali zaidi kwa wageni. Wale waliokaa mpaka juma la 14 na kupita walikuwa na matata machache kuliko wote, na kwa hiyo wataalamu hao walishauri kungoja mpaka juma la 14.

Nikiulizwa mimi, nitasema hivi. Kabla ya majuma 8 mtoto wa paka asiondoke kwa ombi la mtu yeyote, awe jirani, awe shemeji. Kati ya juma la 8 na la 12 aweza kuondoka, ikiwa anakula vema peke yake, anatumia karai la mchanga, na amezoea kushikwa. Nyumba ikiwa na nafasi na chakula cha kuwalisha wote, na angoje majuma 12, na akingoja 14 hatapata hasara. Liko na jambo la afya la kufikiri. Zile kinga alizopewa katika dang'a huanza kupungua baada ya juma la 6 hivi, kabla mwili wake haujajenga zake zote. Kumpeleka mtoto katika nyumba mpya, kwa maji mapya na vijidudu vipya, katika siku hizohizo kinga zinapopungua, ni kumtwisha mizigo miwili kwa safari moja. Minyoo nayo hupita katika maziwa ya mama, kwa hiyo mtoto aweza kuwa na tumbo kubwa la minyoo ingawa hajala kitu kichafu. Mwulizeni bwana mifugo juu ya dawa. Na akitimiza majuma 12 aweza kuchanjwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao humpata paka pia, na paka humwambukiza mtu kwa kumwuma.

Pengine hamjui siku aliyozaliwa, kwa sababu paka alijificha. Basi tazameni mwili. Macho yakiwa buluu bado, hajafika. Fungueni mdomo polepole: ikiwa meno ya pembeni ya kutafunia hayajatoka, hajafika. Mtoto wa majuma 8 ana meno yake yote 26 ya utoto, macho yamegeuka rangi, anakimbia bila kuyumba, na uzito wake unakaribia kilo moja. Meno ya mbele yakianza kung'oka, amekwisha kupita miezi mitatu.

Hutukia mama akafa, akaumwa na nyoka au akala panya aliyekufa kwa sumu. Hapo hatuna kungoja. Tafuteni kwanza paka mwingine anyonyeshaye; wengi huwapokea yatima, hasa wakipakwa harufu ya watoto wake kwa kitambaa cha kitanda chake. Akikosekana, wekeni watoto karibu na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa nguo, na mwombeni bwana mifugo maziwa yaliyotengenezwa kwa ajili yao. Maziwa ya ng'ombe ni mepesi mno, hayana protini ya kuwatosha, tena huharisha. Katika juma la kwanza hunyweshwa kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Mtoto alazwe kwa tumbo, kichwa mbele, kama anavyonyonya kwa mamaye. Msimlaze chali kama mtoto wa binadamu, maana maziwa yataingia mapafuni. Kila akiisha kunywa, mpanguseni chini ya mkia kwa pamba au kitambaa chenye maji ya vuguvugu, mpaka akojoe. Kazi hii ni nzito, nami sijaona mtoto aiwezaye peke yake. Yataka watu wawili watatu wa kupokezana.

Tukirudi kwa yule mwenye mama, siku yake ikifika, msiwaondoe wote kwa siku moja. Chuchu za mama hujaa zikauma, naye huzunguka nyumba akiita usiku kucha. Aondoke mmoja, na baada ya siku kadhaa wa pili. Mchukueni asubuhi, ili awe na mchana mzima wa kutazama mahali papya. Tenga la kuku hufaa kuliko gunia, kwa kuwa hewa hupita. Tieni ndani kipande cha nguo aliyolalia na nduguze. Mkifika, msimwachie uani penye mbwa na kuku. Mfungieni katika chumba kimoja chenye maji, chakula, karai la mchanga na pa kujificha, mpaka ale na kulala bila hofu. Kisha mfungulieni nyumba nzima, na mwisho uani, kabla ya saa ya chakula chake ili arudi.

Wala msimnyime chakula mkidhani kuwa njaa itamfanya ashike panya. Mwenye nguvu ndiye awindaye vema. Tena paka ni mla nyama. Ugali mtupu haumtoshi. Akikosa nyama au samaki kwa muda mrefu, macho yake hupofuka na moyo wake hudhoofika. Vichwa vya dagaa, matumbo ya samaki yaliyopikwa, kipande cha ini, havina gharama kubwa katika nyumba iliyokuwa ikipoteza debe zima la mahindi kwa panya.

Maswali

1. Kwa nini mtoto wa paka asiyenyonya siku ya kwanza yumo hatarini, hata akinyonya siku ya tatu?

2. Mama akimfukuza mtoto wake asinyonye, je, yafaa kumwondoa siku hiyo? Toeni sababu.

3. Katika jaribio la mwaka 1930, ni watoto wangapi wa kundi la kwanza ambao hawakuua panya? Na wa kundi la pili je?

4. Paka alizaa tarehe 3 Machi. Watoto watatimiza majuma 8 tarehe ngapi? Na majuma 12?

5. Jirani yenu amekuja na kapu leo, na watoto wana majuma 6. Andikeni maneno mtakayomjibu kwa adabu, ili aondoke bila chuki na arudi siku ifaayo.